Jirani amenirudishia kitabu cha katuni nilichompa mwanawe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Des Moines, jimbo la Iowa, huu ni mwaka wa tisa. Nimezaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Hapa nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Nakuandikia kwa sababu jambo hili tumelizungumza nyumbani hadi limekuwa ugomvi, na Oktoba inakaribia.

Habari za Halloween unazijua. Watoto wanajivika mavazi ya kujigeuza, wanapita nyumba kwa nyumba na mifuko, wanagonga, wanapewa pipi. Huku kwetu kuna desturi ya ziada: mtoto hapewi kitu bure. Anasimama mlangoni anakutolea kichekesho kwanza, halafu ndipo anafungua mfuko. Usiku wenyewe wanauita Usiku wa Ombaomba, unaanza saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili. Miaka yetu ya mwanzo tulikuwa tunazima taa tunakaa kimya kama watu waliohama. Mwaka jana nikaona hapana. Nina majirani ambao hata sura zao sizijui, na watoto wao wanaruka nyumba yangu kama pango. Nikasema mwaka huu taa inawaka.

Ila pipi sikutaka. Mwanangu wa pili ana mzio wa karanga, akija na pipi za shuleni tunazichambua moja moja mezani kama mchele. Nikakumbuka kambini. Nilipokuwa na miaka kama kumi, kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa na jarida la katuni lililotoka Kigoma mjini. Jalada halina, mwanzo hauna, mwisho hauna. Alikuwa anatukodisha kwa kipande cha muwa, unasoma mpaka muwa wake uishe. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa. Kiswahili cha kuandikwa mimi nilikijulia pale, kwenye vile viputo vya maneno. Basi Jumamosi moja ya Septemba nikapita kwenye gereji ya mtu aliyekuwa anauza vitu vyake vya zamani, nikakuta boksi la vitabu vya katuni, kama sitini hivi, dola kumi boksi zima. Nikalibeba.

Usiku ulipofika nilikaa kibarazani na boksi langu. Kila aliyekuja na kichekesho nilimpa kitabu. Mmoja aliyevaa kama kiunzi cha mifupa aliniuliza kwa nini mifupa haikwenda dansini, jibu lake likawa na maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana, mimi sikuelewa mpaka binti yangu akanieleza, nikacheka mtoto ameshafika nyumba ya tatu. Shangazi, nilifurahi. Mama watoto alikuwa jikoni hataki kutoka, ila alipoona kwa dirisha katoto kamevaa kama nyuki, kanakanyaga kamba za viatu, alitoka akamfunga, kisha akarudi ndani.

Kesho yake ndiyo mambo yakaja. Asubuhi nilikuta kitabu kimoja kwenye majani mbele ya nyumba, kimelowa, kurasa zimegandana. Jioni akaja jirani wa nyumba ya pili, mama wa kijana wa miaka saba aliyekuwa amevaa kama mwanaanga. Ameshika mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole. Ndani kuna kitabu nilichompa mwanawe. Juu ya jalada kuna roketi na nyota. Ndani, Shangazi, kuna mtu anakatwa kichwa, ukurasa mzima, na damu. Hakugombana. Alisema tu, najua ulikuwa na nia njema, lakini jana hakulala. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo tukikutana ananipungia mkono upesi upesi na kuingia ndani.

Mama watoto akasema: unaona sasa? Yeye anasali kanisa ambalo hawataki kabisa kusikia Halloween, wanasema ni sikukuu ya mashetani. Amesema boksi lililobaki litoke nyumbani kwake. Binti yangu, ana miaka 11, naye anasema: baba, watoto wanataka pipi, unatuaibisha. Nilikuwa tayari kuacha. Halafu Januari, theluji imefika magotini, mlango unagongwa, namkuta mvulana simjui, anatetemeka. Anauliza: una namba nne? Nilikuwa nimempa namba tatu ya hadithi fulani. Namba nne sina. Aliondoka, nami nikabaki nimesimama mlangoni mpaka nyumba ikapoa.

Niendelee, au niache? Nikiendelea, nichague vipi? Na mke wangu nimwambieje?

Baba wa watatu, Des Moines

*

Marahaba mwanangu, na pole na kazi ya usiku.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwa yule mvulana wa Januari. Nimefanya kazi katika maktaba ya mtaa kule Minneapolis miaka kumi na minne kabla ya kustaafu. Mtoto anayechukua kitabu kwa sababu kiko mbele yake ni jambo la kawaida. Mtoto anayevaa buti, akakata theluji, akagonga mlango wa mtu asiyemjua kuuliza kinachofuata, huyo ameshakuwa msomaji, na aliyemfanya hivyo ni wewe na boksi lako la dola kumi. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni endelea. Na hiyo namba nne itafute. Maduka ya katuni yana maboksi ya matoleo ya zamani, mengi yanauzwa kwa dola moja au karibu na hapo. Ukiipata, iweke karibu na mlango.

Sasa tuje kwenye kosa, na kosa ni lako. Jirani hana kosa, katuni haina kosa. Umempa mtoto wa mtu kitu ambacho hukukifungua. Kwetu Mombasa, mama akikuletea mtoto chakula, unaonja kwanza. Ulichungulia jalada ukaona roketi na nyota, basi. Najua ulivyofikiri, maana wengi wetu tumekua tukiamini kuwa katuni ni mambo ya watoto. Mjomba wangu alikuwa akinunua Taifa Leo, nasi watoto tukigombea ukurasa wa Juha Kalulu, yule wa mchoraji Edward Gitau, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama kinatufaa. Huku Marekani ni habari nyingine, na ukijua ilivyotokea utajua jinsi ya kulichambua boksi lako.

Miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili, katuni za mauaji na za kutisha ziliuzwa sana kwa watoto wa nchi hii. Wazazi na walimu wakaja juu. Mwaka 1948, katika mji wa Spencer, West Virginia, wanafunzi walirundika vitabu vyao nje ya shule wakavitia moto. Mwaka 1954 jambo likafika mbele ya kamati ya Seneti, na mwaka huo huo wachapishaji wenyewe, kwa kuogopa sheria, wakajiwekea kanuni: damu ya ovyo hakuna, wafu wanaotembea hakuna, hata maneno ya Kiingereza ya kutisha, horror na terror, yasitumike kwenye jina la kitabu. Kitabu kilichopita ukaguzi kilipigwa muhuri mdogo unaofanana na stempu kwenye kona ya juu ya jalada. Mwaka 1971 kanuni zikalegezwa, wanyonya damu wakarudi. Muhuri ukaendelea kupungua nguvu, na wachapishaji wa mwisho waliokuwa wakiutumia wakauacha mwaka 2011.

Kwa hiyo mwanangu, boksi moja kutoka gereji ya mtu linaweza kuwa na kitabu cha 1965 ambacho hata bibi yangu angekisoma kwa raha, na chini yake kimelala cha 1995 kilichoandikwa kwa ajili ya wanaume wazima, na vyote viwili vina roketi juu. Vyenye ule muhuri, hasa vya kabla ya 1971, unaanza navyo kwa imani kiasi. Visivyo nao si lazima viwe vibaya, maana wachapishaji wengine hawakuwahi kuujali. Vya miaka ya karibuni angalia alama ya umri, mara nyingi iko karibu na bei au ule mstari wa kuskani: vingine vimeandikwa kabisa kuwa ni vya rika zote, umri wa herufi T hutofautiana kwa mchapishaji na mchapishaji, T na alama ya kujumlisha ni ya wakubwa zaidi, na vyenye onyo kwa wazazi usiwe navyo kabisa kibarazani. Hata hivyo alama ni ya kukupunguzia kazi tu. Kazi yenyewe ni kufungua. Kitabu cha kawaida kina kurasa 32, matangazo yamo humo humo. Kukipitia chote ukitazama picha ni dakika kumi. Viwili kila mapumziko ya kazini, na boksi litakuwa limekwisha kabla ya mwezi. Usimpe binti yako kazi hiyo. Ana miaka 11, na hilo jicho la kuona kabla ya wengine ni lako wewe baba.

Ukishavipitia, vipange kwa umri, na hapa nina la kusema ambalo wengi hawaliangalii. Fungua kitabu chako chochote cha zamani utazame viputo: karibu vyote vimeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Mtoto wa miaka mitano au sita shuleni anafundishwa zaidi herufi ndogo. Nimewaona maktabani watoto wanaosoma vizuri kabisa vitabu vya hadithi, ukiwapa katuni wanaweka kidole kwenye kiputo, wanakwama, wanadhani wamesahau kusoma. Kwa wadogo hao tafuta vyenye picha zinazojieleza na maneno machache. Na zile katuni za Kijapani zinazosomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, waachie wakubwa waliozizoea.

Jambo jingine ni hadithi kukatika. Wewe ulisoma jarida lisilo na kichwa wala miguu kwa kipande cha muwa, ukalipenda, maana hapakuwa na jingine. Mtoto wa Des Moines ana mfuko umejaa na nyumba ishirini mbele yake. Ukimpa namba tatu ya hadithi ya namba sita, mmoja atarudi Januari, wengine watakitupa kwenye majani. Mpe hadithi inayoanza na kumalizika mle mle: namba moja, au mikusanyiko ya visa vifupi vifupi kama vile vijitabu vinene vya Archie ambavyo watu wamezoea kuviona karibu na kaunta za malipo kwenye supamaketi. Ukubwa nao uutazame. Kitabu cha kawaida kina upana wa sentimita 17 na urefu wa 26, hakiingii kwenye kile kindoo cha plastiki cha mtoto mdogo bila kukunjwa, na Oktoba ya huko mvua si ngeni. Kuna miaka wachapishaji walikuwa wakitoa vijitabu vidogo vya katuni kwa ajili ya kugawa mlangoni siku ya Halloween, na maduka yakawa yanaviuza kwa mafungu. Tena tangu 2002 kuna ile Jumamosi ya kwanza ya Mei ambayo maduka ya katuni hugawa vitabu bure. Ingia dukani, mweleze mwenyewe unachotaka kufanya, muulize kama kuna vilivyobaki. Hawa watu wa maduka ya katuni niwajuavyo mimi, ukiwaambia ni vya watoto wa mtaa watakutafutia hadi nyuma ya stoo. Maktaba nazo huuza kwa bei ya kutupa vitabu vilivyoondolewa kwenye rafu. Usishangae kuvikuta vimechakaa: rafu ya katuni ndiyo tuliyokuwa tukiigundisha gundi kila wiki, na mimi kitabu kilichoraruka kwa kusomwa sijawahi kukikasirikia.

Binti yako naye msikilize. Anasema watoto wanataka pipi, na anasema kweli. Kile kitabu kilicholowa kwenye majani kilipewa mtoto ambaye hakukiomba. Weka bakuli la pipi, chagua zisizo na karanga hata chembe, na pembeni meza ya katuni. Mtoto achague mwenyewe. Atakayenyoosha mkono kwenye pipi mpe pipi kwa moyo ule ule, usimsimange wala usimhubirie habari za meno. Atakayenyoosha mkono kwenye meza amekichagua kitabu chake, hatakiacha njiani. Mweke binti yako asimamie meza. Anajua watoto wa darasa lake wanapenda nini kuliko mimi na wewe, na aibu yake itapungua akiwa na kazi ya maana.

Halafu kuna mwanao mwenye mzio. Hayuko peke yake. Kule Tennessee mwaka 2012 walianza kuweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani, maana yake nyumba hii ina zawadi isiyo ya kuliwa, mtoto mwenye mzio apite bila hofu. Mwaka 2014 shirika la nchi nzima linaloshughulikia mizio ya vyakula likalieneza. Nunua boga, mpe kijana wako brashi, apake yeye. Katuni zako ndizo zawadi hasa ya boga hilo. Pipi ziweke kwenye bakuli lake mbali na meza, zisigusane.

Nataka niseme kidogo kuhusu hicho kichekesho cha mlangoni, maana nimekipenda. Mji wako ulianza Usiku wa Ombaomba mwaka 1938 ili kuzuia uharibifu: vijana walikuwa wakivunja na kuchafua mali za watu usiku wa Halloween, ndipo watu wa viwanja vya michezo wa mji wakatenga usiku wa kabla yake, tarehe 30, watoto waje mlangoni wafanye kazi kidogo ya kuimba, kughani au kuchekesha ili wapate kitu. Kwa miongo mingi Des Moines ilijulikana kwa hilo. Sasa wewe umetoka mahali ambapo mtoto akisema kitendawili, mji mzima unajibu tega. Mtoto akishakutolea kichekesho chake, mtegee na wewe: nyumba yangu haina mlango. Akishindwa mwambie ni yai. Huna haja ya Kiingereza kingi, na hutabaki unasubiri kutafsiriwa. Nakuahidi baada ya miaka miwili watoto wa mtaa huo watakuwa wanakujia na majibu wameyatayarisha.

Tuje kwa mke wako.

Kuna sentensi umeiandika kama unapita tu: mama watoto alitoka akamfunga nyuki kamba za viatu. Mwanangu, huyo hapingi watoto kuja mlangoni. Ana jambo mahsusi linalomkereketa moyoni, nawe hujamuuliza ni lipi. Je, ni yale mafuvu na makaburi ya plastiki? Ni jina la usiku? Ni kuogopa wenzake wa kanisani watasemaje wakiona taa inawaka? Kila moja lina jibu lake, na huwezi kulijibu hujalisikia. Muulize siku ya mapumziko, mmekaa, bila boksi katikati yenu. Ukimuuliza, usikate maneno yake.

Unaweza kumweleza kuwa jina lenyewe la Kiingereza maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ambayo Wakatoliki wa Fizi na wa Kigoma wanaijua vizuri, na kwamba mambo ya mizimu yana mizizi katika sikukuu ya mwisho wa mavuno ya watu wa kale wa Ireland, nao wahamiaji wa Ireland ndio walioileta huku kwa wingi karne ya 19. Haya yote ni kweli. Lakini usiyatumie kama fimbo. Imani ya mtu haibishaniwi kwa tarehe. Mimi ni Mwislamu, na nilipokuja nchi hii nami nilizima taa miaka minne. Kilichonibadilisha ni kukumbuka Idi kwetu Mombasa, watoto tumevaa vipya, tunapita kwa wazee nyumba kwa nyumba tukitaka mkono wa Idi, na hakuna mlango uliofungwa. Ndugu zangu walioko Muscat wana Qaranqasho, katikati ya Ramadhani, watoto wanazunguka na mifuko wakiimba na kupewa peremende na njugu. Nilipoona watoto wa Minneapolis wanapita mlango wangu uliozimwa, niliwaona wale wale. Hayo ni yangu. Mkeo ana yake, na huenda yasifike nilipofika mimi.

Akikataa, amekataa, na nyumba ni yenu wote wawili. Taa ya kibarazani ndiyo lugha ya usiku huo. Ikizimwa kila mtu anaelewa, na hakuna atakayewachukia. Ila hata hapo katuni zako hazijafa. Makanisa mengi ya Marekani yasiyoipenda Halloween hufanya yao usiku huo huo au siku za karibu: watu wanaegesha magari uwanjani, wanafungua buti, watoto wanapita gari kwa gari wakipewa vitu, bila mafuvu. Muulize mkeo kama kanisa lao lina jambo hilo, au wangependa kuwa nalo, na kama buti lenu linaweza kujaa katuni alizozipitia na kuzikubali yeye mwenyewe. Akikubali taa iwake, basi nyumba yenu isiwe na mafuvu wala utando wa buibui. Weka maboga na mahindi tu. Na boksi lote, kabla halijafika kibarazani, lipite mikononi mwake. Akitoa kitabu, kitoke, usimuulize sababu. Nimekwambia kwamba la mwaka jana lilikuwa kosa lako, yeye aliliona. Mpe haki ya kuona tena.

Nyumbani Kenya, kuanzia mwaka 2010, vijana walikuwa wakipewa katuni ya Shujaaz bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda, na sijasikia mtu akisema kitu cha bure hakisomwi. Kinasomwa kikiwa kizuri na kikimfikia anayekitaka. Hilo ndilo ninalokuombea wewe.

Umeniuliza mambo mengi lakini hukuniuliza kuhusu jirani, nami naona ndilo linalokuuma zaidi. Usingoje Oktoba. Wiki hii, Jumamosi mchana, si jioni, nenda nyumba ya pili na mkeo kama atakubali, au na binti yako. Msiende mikono mitupu, pikeni maandazi, lakini muulizeni kwanza kama kuna asichokula mtoto. Mwambie yule mama: nilimpa mwanao kitabu ambacho sikukisoma, nimekosa, nisamehe. Useme hivyo hivyo, usiongeze kwamba hukujua Kiingereza wala kwamba ulikinunua na vingine. Yeye hakugombana nawe, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na kukuambia ukweli akiwa na adabu. Huyo ni jirani wa kushikwa kwa mikono miwili. Naamini ule mkono anaoupunga upesi upesi si hasira. Naye hajui aanzie wapi.

Kisha mwambie umeanza kuchambua boksi, na ungeomba jicho lake kwa vile vya watoto wa miaka saba, kwa kuwa anamjua wa kwake. Beba vitano au sita ulivyokwisha kuvisoma mwanzo hadi mwisho, uviache mezani kwake. Mwanaanga akiwa nyumbani, mwombe kichekesho.

Shangazi